Kukaanga kahawa nyumbani: kikaango, mashine ya bisi, oveni au pipa?

Anayeanza kukaanga kahawa nyumbani kwa kawaida huuliza kwanza kifaa kipi ni bora. Swali hilo halina jibu mpaka ijulikane anakunywa kahawa ya namna gani. Kahawa chungu ya kuchemshwa na tangawizi inataka punje iliyokaangwa ikawa nyeusi na kuanza kutoa mafuta. Kahawa ya kuchuja kwa karatasi inataka punje ya kahawia hafifu ambayo bado ina uchachu wake wa asili. Kifaa kinachoiweza kazi ya kwanza mara nyingi huiharibu ya pili. Kwa hiyo anza na kikombe, kisha rudi nyuma hadi kwenye moto.

Mwenye haraka achukue hili: ukinywa kahawa chungu, ya maziwa au ya birika la moka (birika dogo la jikoni ambalo mvuke wake husukuma maji yapite kwenye kahawa), tumia kikaango kizito. Ukinywa ya kuchuja, tumia mashine ya bisi. Nyumba ikimaliza zaidi ya nusu kilo kwa wiki, tafuta pipa. Oveni iwe chaguo la mwisho kabisa.

Kinachotokea ndani ya punje

Kahawa mbichi iliyokaushwa vizuri ina maji asilimia 10 hadi 12. Dakika za mwanzo joto hutumika kuyatoa maji hayo. Punje hugeuka kutoka kijani kuwa njano, na harufu inahama kutoka ya majani makavu kuwa ya mkate. Baada ya njano rangi ya kahawia inaingia. Punje ikifika nyuzi 196 hadi 205 hivi za Selsiasi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua. Huo ndio mpasuko wa kwanza, unaosikika kama kijiti kikavu kinapovunjwa, na kuanzia hapo kahawa inanyweka. Ukiendelea hadi karibu nyuzi 225 utasikia mpasuko wa pili, wenye mlio mwembamba na wa haraka, na muda mfupi baadaye mafuta yanaanza kung'aa juu ya punje.

Ladha inaamuliwa na mambo matatu: mpasuko wa kwanza ulifika dakika ya ngapi, ulikaa muda gani baada yake kabla ya kuzima, na punje zilipoa kwa kasi gani. Vifaa vyote vinne hutofautiana hapo, na hapo ndipo pa kuvipima.

Kabla ya kununua chochote kingine, pata mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Pima kahawa kabla na baada ya kukaanga. Gramu 200 zikitoka 175, umepoteza asilimia 12.5, na huo ni mkaango mwepesi. Zikitoka 170, yaani asilimia 15, ni wa kati. Zikitoka 165 au chini yake, ni mkaango mweusi. Rangi hudanganya chini ya taa ya jikoni, mizani haidanganyi. Kipimajoto ni kizuri ukiwa nacho, lakini mizani na sikio vinatosha kwa muda mrefu.

Kikaango

Kinachofaa ni cha chuma kizito, upana wa sentimita 26 hadi 28, chenye ukingo wa sentimita 5 au zaidi. Sufuria nyembamba ya alumini huunguza pale tu moto unapogusa na kuacha pembeni pakiwa baridi. Vikaango vyenye utando wa tefloni viache kabisa, kwa sababu kitako kikavu juu ya gesi hupita kwa urahisi joto ambalo utando huo unalivumilia.

Weka gramu 150, na usizidishe 200. Punje zikipandana zaidi ya tabaka mbili, za juu huiva kwa mvuke na za chini kwa chuma. Pasha kikaango moto wa kati kwa dakika tatu hivi. Tone la maji likikimbiakimbia juu ya chuma badala ya kutandaa na kuchemka, kiko tayari. Mimina kahawa na uanze kukoroga hapohapo kwa mwiko mpana wa mbao, ukiufikisha hadi kingoni, na kila baada ya sekunde 20 kamata mpini utikise kikaango kizima ili punje zigeuke. Usiache kukoroga hata kidogo katika dakika tatu za mwanzo.

Njano inatakiwa ionekane kati ya dakika ya 4 na ya 5, na mpasuko wa kwanza kati ya dakika ya 8 na ya 10. Mpasuko ukianza, punguza moto kidogo, kwa kuwa punje zenyewe zinaanza kutoa joto na kahawa huweza kukukimbia. Kwa mkaango wa kati toa baada ya dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa kahawa chungu ngoja mpasuko wa pili, uuache uendelee sekunde 20 hadi 40, kisha mimina. Toa kila mara mapema kidogo kuliko unavyotaka, maana punje huendelea kuiva zenyewe mpaka zipoe.

Udhaifu mkubwa wa kikaango ni kutolingana. Punje ya kahawa ina upande bapa, na upande huo ndio unaopenda kulala juu ya chuma. Ukiona doa jeusi la duara kwenye upande bapa huku mgongo ukiwa kahawia, moto wa mwanzo ulikuwa mkali mno au mkono ulichoka. Pia mpasuko wa kwanza hausikiki kwa pamoja: punje za kwanza hupasuka dakika ya 8 na za mwisho dakika ya 11. Ukisimama hapo kupata mkaango mwepesi, kikombe kimoja kitakuwa na punje zilizoiva vizuri pamoja na nyingine zenye ladha ya nyasi. Ukiendelea hadi mpasuko wa pili, zilizochelewa zinazifikia zilizotangulia na tofauti inapungua sana. Kwa sababu hiyo kikaango ni cha mkaango wa kati kwenda juu, na anayekitumia kwa kahawa nyepesi anajitafutia kazi.

Kuna punje inayokipenda kikaango: ile ya mviringo inayoota peke yake ndani ya tunda, ambayo kwenye madaraja ya Kenya na Tanzania huandikwa PB. Haina upande bapa, inabingirika, na huiva sawasawa zaidi kwa mwiko uleule. Kwa anayeanza, ndiyo ya kununua.

Kikaango cha udongo kinafanya kazi na kinatoa mkaango mweusi mzuri, ila udongo hushika joto na hauliachi haraka. Ukipunguza moto hutaona badiliko kwa dakika mbili nzima, kwa hiyo mimina kahawa kabla ya rangi unayoitaka. Jiko la mkaa lina shida ya aina hiyohiyo: moto haupunguzwi kwa kitasa, unapunguzwa kwa kuinua kikaango. Weka mawe matatu mafupi pembeni mwa jiko ya kukiegesha juu zaidi mpasuko unapoanza. Mkaa utumike nje tu. Sumu yake ya kaboni monoksidi haina harufu, na moshi wa kahawa utakufanya ufikiri unachonusa ni kahawa peke yake.

Mashine ya bisi

Mashine ndogo ya umeme ya kutengenezea bisi kwa hewa moto ni kifaa cha kukaangia kahawa kilichojificha kwenye rafu ya vyombo vya jikoni. Hewa huzungusha kila punje, makapi (ngozi nyembamba inayobanduka kwenye punje) yanapeperushwa nje, na mkaango unatoka sawasawa kuliko mwiko wowote unavyoweza.

Kabla ya kununua, chungulia ndani ya chemba. Unataka ile yenye nyufa za hewa pembeni mwa ukuta, zikielekeza hewa izunguke. Yenye wavu katikati ya kitako iache dukani, kwani makapi huanguka juu ya waya wa moto na kushika moto. Nyingi ni za wati 1,000 hadi 1,200.

Anza na gramu 80. Kipimo sahihi ni pale punje zinapojongea polepole mwanzoni bila kurukaruka. Zikiwa nyingi mno hazizunguki na za chini zinaungua. Zikiwa chache hewa inapita bure na joto halipandi. Dakika ya kwanza na nusu punje bado ni nzito, kwa hiyo zisaidie kwa mpini wa mwiko wa mbao. Zikishapoteza maji zitazunguka zenyewe. Elekeza mdomo wa mashine kwenye beseni pana la bati lenye maji kidogo ili makapi yatue humo, na ufanye kazi hiyo barazani au karibu na dirisha lililo wazi.

Mpasuko wa kwanza unafaa kuja kati ya dakika ya 4 na ya 5. Ukija dakika ya 2 au ya 3, nje kumeiva na ndani bado, na kikombe kitakuwa kikali kwa uchachu na kuacha ladha ya nyasi. Dawa ni kupunguza gramu kumi, au kuiinamisha mashine kidogo ili punje zizunguke zaidi, au kuizima sekunde 15 mara moja au mbili kati ya njano na mpasuko. Ukichelewa kupita dakika ya 8, kahawa inadorora: hakuna uchachu, hakuna utamu, harufu ya mkate tu.

Hapa umeme wetu una neno lake. Nguvu ya waya wa moto hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 216, yaani asilimia 10, mashine ya wati 1,200 inabaki na wati 972 hivi. Ukikaanga saa za jioni mtaa mzima unapopika, mkaango uliokwisha kwa dakika 6 mchana utakwenda dakika 9 na kudorora. Wapo wanaojaribu kupunguza joto kwa makusudi kwa kutumia waya mrefu mwembamba wa kuongezea. Usifanye hivyo, maana joto unalolitoa kwenye mashine unalihamishia kwenye waya ulio sakafuni. Hali ya hewa nayo inahesabika: asubuhi ya Julai huko Mbeya au Limuru, hewa inayoingia ni baridi, kwa hiyo mashine ikae ndani ya dirisha badala ya uwanjani.

Izime mashine mpasuko wa kwanza unapoanza kutulia, au sekunde 30 hadi 60 baadaye. Usilazimishe mpasuko wa pili. Kwa hewa moto unafika ghafla, punje ni nyepesi zinaruka nje, mafuta yanaingia ndani ya mashine, na makapi yanayobaki yanapata kitu cha kuwaka nacho. Mashine hizi zilitengenezwa kufanya kazi dakika tatu hivi kwa mara, si saba, kwa hiyo ziache zipoe dakika 20 kati ya mkaango na mkaango. Ikizima yenyewe katikati, kikata joto chake kimefanya kazi yake. Punguza kahawa wakati mwingine, usikiondoe.

Oveni

Panga punje tabaka moja kwenye sinia lenye matundu, joto nyuzi 230 hadi 240, dakika 12 hadi 16, ukigeuza sinia katikati. Inawezekana. Lakini mpasuko huusikii vizuri, moshi hauna pa kwenda, na kila ukifungua mlango kukoroga joto linashuka. Oveni ya gesi isiyo na feni huunguza nyuma na kuacha mbele. Ikiwa unayo yenye feni, na unataka gramu 400 za mkaango wa kati kwa ajili ya wageni wa Idi au Krismasi, sawa.

Pipa

Pipa la kuzungusha juu ya gesi linakupa gramu 400 hadi 500 kwa mara moja, na mkaango wake unaweza kuwa mwepesi au mweusi. Fundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kukuundia ukimpa vipimo: kipenyo sentimita 15, urefu 25, karatasi ya chuma ya milimita 1 hadi 1.5, mhimili wa nondo, na ndani mapezi matatu yenye kimo cha sentimita 2 yaliyolazwa mshazari ili yainue punje na kuzirudisha katikati. Upande mmoja uwe na tundu la sentimita 4 la kutolea moshi na kuchotea sampuli kwa kijiko.

Jambo la kusisitiza kwa fundi ni chuma chenyewe. Asitumie mabati ya kuezekea wala karatasi yoyote iliyopakwa zinki au rangi, kwa sababu juu ya moto vinatoa mvuke wa sumu. Iwe chuma cheusi kitupu au kisichoshika kutu. Pipa jipya lichomwe tupu dakika 30 ili mafuta ya karakana yaungue, kisha kaanga kahawa ya bei ya chini mara moja na uitupe.

Zungusha mara 40 hadi 60 kwa dakika. Ukienda kasi mno punje zinang'ang'ania ukuta na kuungua. Polepole mno zinateleza kama kwenye kikaango. Mkono unachoka, na mafundi wengi hufunga mota ya waipa ya gari ya volti 12, ambayo kasi yake ya chini inaangukia humohumo. Punje zisizidi theluthi ya ujazo, kwani zinavimba. Tarajia mpasuko wa kwanza dakika ya 9 hadi ya 11, na kumaliza dakika ya 12 hadi ya 15. Huoni kilichomo ndani, kwa hiyo ni kazi ya sikio na pua, na kijiko kila nusu dakika kuanzia njano.

Mashine za kununua zipo. Behmor hupokea hadi gramu 450 hivi, Gene Cafe karibu 250 hadi 300, na Fresh Roast SR800, ambayo ni ya hewa wala si pipa, karibu 225. Kabla ya kulipa na kusafirisha, soma kibandiko cha umeme. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120 na inahitaji transfoma ya kushusha ya wati 2,000 au zaidi. Hata hiyo haibadilishi mzunguko wa umeme wa hezi 50 kuwa 60, kwa hiyo mota na saa zinazotegemea mzunguko huenda polepole kwa karibu asilimia 17. Kama toleo la volti 230 lipo, lisubiri hilo.

| | Kikaango | Mashine ya bisi | Oveni | Pipa la gesi |
|---|---|---|---|---|
| Kiasi kwa mara | g 150–200 | g 80–100 | g 300–400 | g 400–500 |
| Muda | dk 10–14 | dk 5–7 | dk 12–16 | dk 12–15 |
| Kulingana kwa punje | hafifu | nzuri sana | hafifu | nzuri |
| Kuona na kusikia | vyote viwili | kuona zaidi | shida | kusikia na kunusa |
| Mkaango unaokifaa | kati hadi mweusi | mwepesi hadi kati | kati | wowote |
| Umeme ukikatika | hakijali | mkaango umeharibika | kwa oveni ya umeme, umeharibika | halijali likiwa la mkono |

Kupoza

Kwa kifaa chochote, kahawa ipoe ndani ya dakika nne. Imwage kwenye sinia pana la chuma, itandaze mbele ya feni na uikoroge, kisha ihamishie kwenye ungo uipepete makapi yatoke. Ungo peke yake unatosha pia, ila usiiache itulie juu yake ikiwa ya moto. Sasa chagua zile punje zilizobaki njano katikati ya kahawia. Hazikukosewa na moto: zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa mabichi, na chache tu zinatosha kukipa kikombe ladha ya karanga zilizochacha.

Ikishika moto wakati wa kukaanga, zima gesi au umeme na ufunike kwa mfuniko. Usipulize, usifungue kuchungulia, na usimwage maji kwenye chombo cha umeme.

Kahawa iliyotoka motoni inatoa gesi ya kaboni dioksidi kwa siku kadhaa. Iweke kwenye kopo, mfuniko ukiwa umeegeshwa tu kwa saa 12 za kwanza. Ya kuchemsha unaweza kuinywa kesho yake. Ya kuchuja inakaa vizuri zaidi siku ya tatu hadi ya kumi. Ya moka ipe siku tano. Baada ya wiki tatu au nne imepoa ladha hata kama harufu ya kopo bado inakudanganya.

Kikombe kinachoamua kifaa

Kahawa chungu ya dele au sufuria: kwa lita moja ya maji tumia gramu 50 za kahawa iliyotwangwa. Ponda kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kichemshe dakika 5, tia kahawa, punguza moto na uiache itokote dakika 8, kisha epua na uiache itulie dakika 4 kabla ya kumimina. Iliki iingie mwishoni, ikichemshwa sana inapotea. Kupika namna hii hutoa kila kitu kilichomo ndani ya punje, pamoja na uchachu wote. Tia humo kahawa nyepesi ya mashine ya bisi na utapata kinywaji kikali cha ndimu kisicho na mwili, yaani uzito mdomoni. Mkaango mweusi wa kikaango ndio unaostahimili, na madoa machache ya kuungua yanajificha ndani ya uchungu unaotafutwa. Kinu na mchi vinatosha kuusagia.

Birika la moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933, linataka mkaango wa kati kwenda mweusi uliosagwa laini kidogo kuliko chumvi ya mezani. La vikombe vitatu huchukua gramu 15 hivi na maji hadi chini ya vali. Anza na maji ya moto tayari, moto mdogo, usishindilie kahawa, na uliondoe linapoanza kukoroma. Uchungu wa moshi unaolalamikiwa na wengi hutokana na sekunde 30 za mwisho, wakati mvuke unapita kwenye kahawa iliyokwisha.

Presi ya Kifaransa ndiyo yenye huruma kuliko zote: gramu 30 kwa mililita 500, iliyosagwa chengachenga, dakika 4, kandamiza, mimina yote. Haichuji mafuta, hivyo inapenda mkaango wa kati kutoka popote. Ukisaga kwa blenda ya visu, bofya sekunde mbili mbili ukitikisa, kisha pepeta unga kwa chekecheke ya chai. Unga huo ndio unaoleta matope na uchungu.

Kichujio cha koni ndicho kinachofichua kila kosa. Gramu 15 kwa mililita 250, usagaji wa kati. Suuza karatasi kwa maji ya moto, mwaga gramu 40 za maji, ngoja sekunde 40 kahawa ivimbe, kisha mimina yaliyobaki kwa mizunguko midogo hadi jumla ya dakika 3. Ikiisha chini ya dakika 2, saga laini zaidi. Ikipita 4, saga chengachenga. Hapa kisagio cha meno hakikwepeki, cha mkono kinatosha. Kahawa isiyolingana ya kikaango hutoa kikombe chenye uchachu na uchungu kwa pamoja, na hakuna kurekebisha maji kutakakoiokoa.

Joto la maji linategemea unakoishi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar maji huchemka nyuzi 100, na kwa kichujio yaache dakika moja yashuke hadi 94 hivi. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Arusha, mita 1,400, ni 95. Huko mimina yakiwa yanatokota. Anayefuata maelekezo ya pwani akiwa Nairobi anachuja kwa maji ya nyuzi 90 na kulaumu mkaango wake kwa uchachu.

Kahawa mbichi ya kutia ndani

Kwa mashine ya bisi na kichujio tafuta Arabika iliyooshwa (iliyomenywa na kuoshwa kwa maji kabla ya kukaushwa), ya maeneo ya juu: Nyeri au Kirinyaga, Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga. Aina ya mbuni iitwayo SL28, inayosifika kwa uchachu wake wa matunda, ilichaguliwa Kenya na Scott Laboratories katika miaka ya 1930 kutokana na mbegu zilizotoka Tanganyika. Kuikaanga hadi mpasuko wa pili ni kuipoteza, kwa kuwa kilichoifanya iwe ghali ndicho kinachoungua kwanza. Punje za maeneo ya juu ni ngumu na zinavumilia joto kubwa la mwanzo.

Kwa kikaango na dele, Robusta ya Kagera au ya Uganda ni chaguo la heshima, na ya bei nafuu. Ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika, mwili mzito, uchachu mdogo. Mpasuko wake wa kwanza una mlio hafifu zaidi, hivyo tegemea zaidi rangi na mizani. Theluthi moja ya Robusta na theluthi mbili za Arabika ya daraja la kati hutoa kahawa ya maziwa nzuri sana. Kaanga kila moja peke yake, maana haziivi pamoja.

Biashara ya kahawa mbichi ina leseni zake Kenya na Tanzania, kwa hiyo nunua kwa mkaangaji aliyesajiliwa au chama cha ushirika, na udai risiti. Omba mavuno ya msimu huu. Kabla ya kulipia mkoba mzima, mwaga kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe uhesabu punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Zikiwa zaidi ya tano katika kila mia, bei ishuke au uondoke. Nyanda za juu zenye ukavu, gunia la katani linaihifadhi miezi mingi. Pwani unyevu wa hewa huiingia na kuifanya iwe nyeupe na kuvunda, kwa hiyo ihamishie siku ileile kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, uiweke mbali na jiko, na ununue ya miezi mitatu tu kwa mara moja.